Hageuki ukimwita? Usiseme "atasema tu"

Wiki hii tunajibu ujumbe wa mama mmoja wa Wingwi, Wilaya ya Micheweni. Ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto anacheka, anatembea, na ana akili ya kuburuta kiti ili afikie sahani ya mihogo. Lakini akiitwa hageuki, na hajasema neno hata moja.

Nyumbani kila mtu ana lake. Babu anasema baba yake naye alichelewa kusema. Jirani anasema mtoto ana udata, akatwe. Baba anasema wangoje msimu wa karafuu, pesa zikipatikana watampeleka Unguja. Mama mwenyewe amesikia kuwa Dar es Salaam kuna watoto wanaowekewa "sikio la mashine" wakasikia. Anauliza: tusubiri, au twende?

Dada yetu, msisubiri. Na wazazi wengine wenye mtoto wa namna hii, jibu lenu ni hilo hilo. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwa mtoto asiyesikia maneno hayo ni ya kweli kabisa, kwa sababu kinachopotea katika kungoja ni lugha yake.

Kwa nini miezi ina thamani

Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Anapozaliwa tayari ameizoea sauti ya mama yake. Kuanzia hapo ubongo wake unakusanya sauti kila siku: mazungumzo ya jikoni, adhana, nyimbo za kubembeleza, ugomvi wa kaka na dada. Baada ya mwaka mmoja wa kukusanya ndipo linatoka neno la kwanza.

Mtoto asiyesikia hakusanyi. Sehemu ya ubongo iliyowekwa kwa ajili ya sauti haikai bure ikingoja. Ni kama shamba lisilolimwa: baada ya muda jirani huanza kupanda chake. Ubongo huitumia sehemu hiyo kwa kazi nyingine, kama kuona. Ndiyo maana kifaa kile kile akiwekewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu na akiwekewa mtoto wa miaka minane, ambao wote walizaliwa hawasikii, matokeo hayafanani.

Katika nchi ambazo kila mtoto hupimwa masikio baada ya kuzaliwa, kanuni ni rahisi kukumbuka: moja, tatu, sita. Mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lijulikane kwa uhakika kabla ya miezi 3, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi 6. Wengi wetu hatukuipata huduma hiyo. Kwa hiyo kipimo chetu cha kwanza ni macho ya mzazi.

Dalili za kuangalia

- Mchanga: hashtuki mlango ukibamizwa au sufuria ikianguka.
- Miezi 3 hadi 4: hatulii wala kutabasamu kwa sauti ya mama asiyemuona.
- Miezi 6: hageuzi kichwa kutafuta sauti inatoka wapi.
- Miezi 9: hasemi "ba-ba-ba" wala "ma-ma-ma". Mtoto asiyesikia anaweza kuguna na kubwabwaja miezi ya mwanzo, kisha akapunguza badala ya kuongeza.
- Mwaka 1: hageuki kwa jina lake.
- Mwaka 1 na nusu: hana maneno hata machache.
- Miaka 2: haunganishi maneno mawili, kama "mama maji".

Jihadharini na kipimo cha nyumbani cha kupiga makofi nyuma ya kichwa au kugonga sinia. Mtoto anaweza kugeuka kwa sababu ameona kivuli, amehisi upepo wa mikono au sakafu imetikisika. Watoto wasiosikia ni hodari wa kutumia macho. Wakiona wenzao wanakimbia, nao wanakimbia, na familia inasema "si unaona, anasikia". Wengine wanasikia sauti nene kama ngurumo lakini hawasikii herufi nyembamba kama s, f na t, na bila hizo maneno hayaeleweki.

Kwa hiyo ukiwa na shaka, usibishane na shaka yako. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kujua.

Kuhusu udata, baba aliyechelewa, na dua

Udata, yaani ule uzi wa chini ya ulimi kuwa mfupi, unaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya herufi. Haumzuii kusikia, wala haumfanyi akae kimya kabisa. Kumkata ulimi mtoto asiyesikia ni kumuumiza bila faida.

Baba kuchelewa kusema inawezekana. Lakini mtoto anayechelewa kusema huku anasikia, ukimwambia "lete kiatu" anakileta. Huyu hageuki hata kwa jina. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Dua na kombe ni imani yetu, na hakuna anayekuzuia kumwombea mwanao. Muombee, kisha mpeleke. Dua haikatazi kipimo.

Na jambo jingine lisemwe wazi, kwa kuwa nyumba nyingi zimevunjika kwa ajili yake: uziwi wa kuzaliwa si laana, na si kosa la mama. Sehemu kubwa hutokana na urithi. Baba na mama wote wanaweza kusikia vizuri na kila mmoja akabeba chembe ya urithi iliyojificha. Zikikutana kwa mtoto, anazaliwa hasikii. Pale ambapo wazazi ni ndugu wa damu, kama watoto wa ami, uwezekano wa kukutana kwake huongezeka. Hiyo ni habari ya kuwasaidia katika kupima watoto wanaofuata mapema. Isiwe fimbo ya kumpigia mtu.

Sababu nyingine ni rubela wakati wa ujauzito, kuzaliwa njiti, kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa, homa kali ya manjano kwa kichanga, surua, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa kali kama sindano za gentamaisini zinapotumika bila uangalizi. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika. Chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania iliiingiza mwaka 2014, ni kinga ya masikio pia. Kadhalika chanjo ya nimonia ya mwaka 2013, kwa kuwa vijidudu hivyo hivyo huleta homa ya uti wa mgongo.

Pa kuanzia

Baba wa mtoto hakukosea kufikiria pesa. Safari ya matibabu kutoka Pemba si ndogo. Lakini hatua ya kwanza haingoji karafuu. Inataka nauli ya gari tu. Mpelekeni mtoto hospitali ya wilaya Micheweni, au Wete, mkaeleze kwa maneno haya: "Mtoto wetu hageuki akiitwa na hajasema neno. Tunataka apimwe usikivu." Semeni "apimwe usikivu". Mkisema tu "hasemi", mnaweza kurudishwa nyumbani mkaambiwa mtoto atakua.

Hapo sikio litaangaliwa ndani. Huenda likakutwa limejaa nta, au lina maji nyuma ya ngoma ya sikio, au usaha. Haya hutibika, na kwa baadhi ya watoto safari inaishia hapo. Ndiyo maana hatumwambii mzazi aanze kuuza ng'ombe kabla ya kipimo.

Sikio likionekana safi na bado hasikii, ombeni barua ya rufaa kwenda kitengo cha masikio, pua na koo, Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Vipimo vya mtoto mdogo haviumi. Kimoja ni kijiti laini kinachowekwa sikioni, kinatoa mlio na kusikiliza kama sikio la ndani limeujibu. Kingine ni waya ndogo zinazobandikwa kichwani mtoto akiwa amelala, zinaonyesha kama sauti imefika kwenye ubongo. Mtoto hahitaji kujibu wala kuelewa chochote.

Matokeo yake yatasema hasikii kiasi gani. Akiwa na usikivu uliobaki, kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa nyuma ya sikio, ambacho wengine hukiita shimesikio, kinaweza kumtosha. Kazi yake ni kukuza sauti. Kikijaribiwa kwa miezi kadhaa bila faida kwa sababu sikio la ndani limeharibika sana, ndipo linakuja suala la upasuaji alilouliza mama yetu.

Hilo "sikio la mashine" ni nini

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kilichojikunja kama nyumba ya konokono. Kinaitwa koklea. Ndani yake kuna nywele ndogo sana, karibu 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Kwa watoto wengi wasiosikia kabisa, nywele hizi ndizo zilizoharibika, na mshipa ni mzima. Ukikuza sauti kiasi gani, hakuna wa kuipokea.

Kipandikizi cha koklea huruka sehemu iliyoharibika. Kina vipande viwili. Cha nje huvaliwa sikioni: kina maikrofoni ya kunasa sauti na kompyuta ndogo ya kuichambua, kisha waya mwembamba unaoishia kwenye kidude cha duara kinachoshikwa na sumaku kichwani. Cha ndani huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kutoka kwake uzi laini wenye vituo vidogo vya umeme huingizwa ndani ya koklea. Vituo hivyo huuamsha mshipa wa fahamu moja kwa moja.

Mmoja wa waliokitengeneza ni Graeme Clark, daktari wa Australia ambaye baba yake alikuwa na tatizo la kusikia. Kwa muda mrefu alikwama: uzi huo ataupitishaje katika mizunguko ya koklea bila kuichana? Mwaka 1977, akiwa likizo ufukweni, aliokota kombe lililojizungusha kama koklea, akaanza kuingiza jani la nyasi. Jani lenye ncha laini na shina linalozidi kuwa gumu lilizunguka hadi ndani. Mwaka 1978, mjini Melbourne, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza. Watoto wetu wanaookota makombe pwani wakati wa maji kupwa wanashika umbo lile lile.

Kwa upande wetu, kwa miaka mingi watoto wa Tanzania walipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kufanya upasuaji huu hapa hapa nchini. Wakati huduma inaanza, hesabu zilizotangazwa zilikuwa karibu shilingi milioni 80 hadi 100 kwa mtoto mmoja anayepelekwa nje, na chini ya milioni 40 kwa anayetibiwa Muhimbili. Bado ni fedha ambazo familia ya mvuvi au mkulima wa mwani haiwezi kuzitoa peke yake. Ndiyo sababu ya kufuata njia ya rufaa badala ya kwenda kivyenu: barua ya rufaa ndiyo inayofungua mlango wa kuuliza kuhusu bima, msamaha na misaada, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.

Upasuaji ni mwanzo tu

Hapa wazazi wengi huvunjika moyo, kwa sababu hawakuambiwa. Mtoto akitoka chumba cha upasuaji bado hasikii kitu. Kidonda huachwa kipone, na baada ya wiki chache, mara nyingi kama nne, ndipo kifaa cha nje kinapowashwa. Watoto wengine wanashangaa, wengine wanalia kwa hofu. Hakuna atakayesema "mama" siku hiyo.

Tangu siku hiyo hesabuni umri wa masikio yake upya. Mtoto wa miaka 2 aliyewashiwa kifaa leo, masikio yake yana siku moja. Atahitaji kurudi mara kwa mara ili mtaalamu arekebishe kiwango cha umeme cha kila kituo, na atahitaji mafunzo ya kusikiliza na kutamka kwa miaka. Mafunzo makubwa yanafanyika nyumbani: kumtajia vitu, kumsimulia unachofanya, kumwimbia, kumsubiri ajibu. Mtoto aliyewekewa kifaa kisha akaachwa mbele ya televisheni hatajifunza kusema.

Kifaa chenyewe kinataka matunzo ya maisha. Betri huisha. Waya hukatika. Kipande cha nje huchakaa baada ya miaka na hubadilishwa kwa gharama. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, kwa hiyo usiku kilale katika kopo lake lenye chembe za kukausha unyevu, na kivuliwe kabla ya kuoga au kuingia baharini, isipokuwa kama kina kinga yake maalumu ya maji. Mwambieni mwalimu wa skuli na wa chuoni. Kofia au mtandio si tatizo, ila kitambaa kinachosugua maikrofoni humletea mkwaruzo masikioni.

Na si kila mtoto anafaa. Mwingine mshipa wa fahamu wenyewe haupo au ni dhaifu mno. Mwingine amezaliwa hasikii na amefika miaka saba, minane au zaidi bila lugha ya sauti, na kipandikizi hakitampa usemi ulio wazi. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekuwa anasikia na kusema, kisha akapoteza usikivu baada ya homa ya uti wa mgongo, awahishwe sana, hata kama ni mkubwa. Homa hiyo inaweza kufanya mfupa uote ndani ya koklea na kuziba njia ya uzi. Kwa huyo, wiki zinahesabiwa.

Mkifika kwa daktari wa upasuaji, mnaweza kumuuliza haya:

- Picha zinaonyesha koklea na mshipa wa fahamu viko sawa?
- Amejaribiwa kifaa cha nyuma ya sikio kwa muda wa kutosha?
- Amepata chanjo zote zinazotakiwa kabla ya upasuaji, hasa ya kinga dhidi ya homa ya uti wa mgongo?
- Tutarudi mara ngapi mwaka wa kwanza, na nani atamfundisha kusikiliza?
- Kikiharibika, kinatengenezwa wapi na kwa gharama ya nani?

Jibu la swali la nne ndilo zito kwa familia ya Pemba. Boti kutoka Mkoani, siku kadhaa Unguja, kisha Dar es Salaam, na kurudi tena. Pangeni mapema mtafikia kwa nani na watoto waliobaki watalala kwa nani.

Leo, kabla ya safari

Kutoka kipimo cha kwanza hadi kifaa kuwashwa inaweza kupita miezi, hata zaidi ya mwaka. Mtoto asikae muda huo wote bila lugha. Lugha haipiti masikioni tu. Lugha ya alama ni lugha kamili, yenye sarufi yake, na viziwi wa Tanzania wanaoana, wanasoma na wanafanya biashara kwayo. Kuna watu wazima viziwi wasiojiona wagonjwa hata kidogo, na hao ndio walimu bora wa mtoto wenu. Wakitafuteni Chama cha Viziwi Zanzibar, na mtoto akikaribia umri wa skuli, ulizeni habari za elimu mjumuisho katika ofisi za Wizara ya Elimu.

Wapo watakaowaambia kuwa mtoto akitumia mikono atakuwa mvivu wa kusema. Msiogope. Mtoto mwenye alama ya "maji", "maziwa" na "baba" ameshaelewa kuwa vitu vina majina. Sauti ikija baadaye, itakuta pa kukaa. Na sauti isipokuja, hakubaki mtupu.

Kwa hiyo dada yetu wa Wingwi, anzeni leo. Kaa chini uso wako ulingane na wake, kwenye mwanga, kabla ya kusema naye. Mguse begani badala ya kumpigia kelele. Chagua ishara moja ya kula, moja ya maji, moja ya kulala, na nyumba nzima itumie hizo hizo, babu na bibi pia. Usimimine mafuta, maji ya kitunguu wala maziwa ya mama sikioni mwake. Mwonyeshe baba yake makala hii, mzungumze bila lawama.

Kisha chukueni kadi ya kliniki ya mtoto, mwende hospitali wiki hii. Fedha za karafuu zitakuwa na kazi yake baadaye, kwenye nauli za boti na betri. Kipimo cha kwanza kifanyike kabla mwanao hajatimiza miaka miwili.